Lenzi Pana ya Zumu au ya Praimu: Namna ya Kuchagua Kabla ya Kutoa Fedha

Anayeuliza kuhusu praimu, yaani lenzi yenye urefu mmoja tu wa fokasi (ile namba ya milimita; ikiwa ndogo, lenzi huona eneo pana), huambiwa haraka: haizumu, yaani haibadilishi urefu huo, basi zumu kwa miguu, sogea mwenyewe. Kwa lenzi ya 85mm ushauri huo unavumilika. Kwa lenzi pana unapotosha, na watu wengi wamenunua lenzi isiyowafaa kwa sababu yake.

Chukua mfano huu. Mtu amesimama mita 1 mbele ya kamera, na nyuma yake kuna jengo lililo mita 10 kutoka kwenye kamera. Rudi nyuma mita 1. Mtu sasa yuko mita 2, kwa hiyo kimo chake kwenye picha kimepungua hadi nusu. Jengo liko mita 11 na limepungua kwa takriban asilimia 9 tu, huwezi hata kuona tofauti. Picha imegeuka: mwanzo mtu alitawala, sasa jengo limemwinamia. Lakini ukibaki pale pale na kuzungusha zumu kutoka 32mm hadi 16mm, mtu na jengo hupungua nusu kwa pamoja, na uwiano wao haubadiliki hata kidogo.

Mahali unaposimama ndipo panapoamua uwiano wa vitu. Urefu wa fokasi unaamua tu ni kiasi gani cha vitu hivyo kiingie kwenye fremu. Kwa lenzi pana jambo hili lina uzito mkubwa kwa sababu mara nyingi kitu cha mbele kiko karibu sana, na hatua moja ya mguu inabadilisha kila kitu.

Kwa hiyo swali la kwanza si lenzi ipi ni kali zaidi. Jiulize: pale ninapopigia picha, niko huru kusimama ninapotaka? Kama nyuma yako kuna ukuta, kamba ya kuzuia watu, mto au umati, huna miguu ya kuzumu nayo. Hapo zumu inashinda bila ubishi. Kama una nafasi ya kusogea na vitu unavyopiga vinatembea kwenye mwanga hafifu, praimu inaanza kudai nafasi yake.

Kila milimita ina thamani upande mpana

Kwenye kamera yenye kihisi (sehemu inayopokea picha) cha milimita 36 kwa 24, upana wa mtazamo ukipimwa kutoka kona hadi kona ni huu: 16mm huona takriban nyuzi 107, 20mm nyuzi 94, 24mm nyuzi 84, 28mm nyuzi 75, na 35mm nyuzi 63. Kutoka 20mm hadi 16mm ni milimita 4 tu, lakini umeongeza nyuzi 13. Upande wa lenzi ndefu, milimita 4 hazionekani kabisa. Ndiyo maana zumu ya 16-35mm, ambayo kwenye karatasi inaonekana kuwa na masafa mafupi, kwa kweli ni kama lenzi nne au tano tofauti.

Kama kamera yako ina kihisi kidogo cha APS-C, zidisha urefu wa fokasi kwa 1.5 ili upate mtazamo unaolingana na huo, au kwa 1.6 ikiwa ni Canon. Kwa Micro Four Thirds, kihisi kidogo zaidi, zidisha kwa 2. Hapa ndipo kosa kubwa la ununuzi linapotokea: mtu anaweka 16-35mm kwenye APS-C akitarajia upana, kumbe amepata mtazamo wa takriban 24-52mm. Hiyo ni lenzi ya kawaida iliyopanuka kidogo. Kwa kihisi hicho, zumu pana huanzia 10mm hadi 12mm, na praimu inayofanya kazi ya 24mm ni ile ya 16mm.

Uliza picha zako mwenyewe

Usichague kwa kukisia. Picha ulizokwisha kupiga zimehifadhi urefu wa fokasi kwenye EXIF, yaani taarifa ambazo kamera huandika ndani ya faili la picha. Katika Lightroom Classic, programu ya kupanga na kuhariri picha, fungua kichujio cha metadata (taarifa hizo) kwenye maktaba, chagua urefu wa fokasi kwenye safu mojawapo, nawe utaona idadi ya picha kwa kila milimita. Fanya hivyo kwa picha ulizozichagua na kuzitumia tu. Zilizotupwa zitakudanganya.

Soma matokeo kwa uangalifu. Zikirundikana kwenye ncha pana kabisa ya zumu yako, usikimbilie kusema unahitaji lenzi pana zaidi. Huenda mkono wako una mazoea ya kuzungusha pete hadi mwisho bila kufikiri. Angalia ni ngapi kati ya hizo ulizikata kingo baadaye; kama ni nyingi, ulikuwa umefungua mno. Zikirundikana mahali pamoja katikati, tuseme kati ya 22mm na 26mm, hiyo ni dalili nzuri ya praimu ya 24mm. Zikitawanyika sawasawa, bakia na zumu.

Kisha jaribu bila kununua kitu. Zungusha zumu uliyonayo hadi 24mm na uibandike pete kwa kipande cha utepe wa karatasi, ule usioacha gundi. Piga hivyo kwa wiki nzima katika kazi zako za kawaida. Kila unapokwama, andika sababu kwenye simu: sikuwa na nafasi ya kurudi nyuma, kitu kilikuwa mbali, mwanga haukutosha. Sababu mbili za kwanza zikijaa, praimu itakutesa. Ikijaa ya tatu, umepata jibu lako.

Na usijifariji kabla ya kupiga hesabu kwamba utanunua praimu pana kisha ukate kingo. Ukipiga kwa 20mm na kukata hadi mtazamo wa 28mm, unabaki na karibu nusu ya pikseli: megapikseli 24 zinakuwa kama 12, na hizo zinatosha kwa matumizi mengi. Ukikata hadi 35mm unabaki na theluthi moja, yaani takriban 8. Kwa kamera ya megapikseli 45 bado utakuwa na karibu 15, kwa hiyo mwenye kamera hiyo ana uhuru ambao wengine hawana.

Mwanga: hapa praimu inajilipia

Zumu pana nyingi hufungua tundu, mlango wa mwanga ndani ya lenzi, hadi f/4 au f/2.8; namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa zaidi. Praimu nyingi za 20mm na 24mm hufika f/1.8, nyingine f/1.4. Kati ya f/4 na f/1.8 kuna stopu 2 na theluthi (kila stopu huongeza mwanga mara mbili), yaani mwanga karibu mara tano.

Chumba kinachokulazimisha kutumia f/4, shata (muda wa kuingiza mwanga) ya sekunde 1/125 na ISO (wepesi wa kamera kwa mwanga) ya 6400 kitakubali ISO 1250 ukiwa na f/1.8. Au bakia na ISO 6400 upandishe shata hadi 1/640. Hilo la pili ndilo muhimu kwa watu wanaocheza, watoto na wazungumzaji wanaorusha mikono. Kituliza mtikisiko kilichomo kwenye kamera au lenzi hakisaidii hapo: kinatuliza mkono wako, hakimtulizi mchezaji. Ukipiga jengo usiku, kituliza mtikisiko au tripodi vinafuta faida yote ya praimu, na f/4 inatosha kabisa.

Kwenye video jambo hili linauma zaidi, kwa sababu shata huwa haina uhuru. Kwa fremu 25 kwa sekunde utaiweka 1/50 na kuiacha hapo. Kilichobaki ni tundu na ISO, basi. Fahamu pia kwamba zumu nyingi za picha hupoteza fokasi kidogo unapozungusha pete katikati ya kurekodi, kwa hiyo zisitegemewe kwa mtindo huo.

Wengi huogopa kwamba f/1.8 itaacha nusu ya kundi ndani ya ukungu. Kwa lenzi pana hofu hiyo imezidishwa. Lenzi ya 20mm kwenye f/1.8, ukifokasi mita 3 kwenye kihisi kikubwa, inatoa ukali unaokubalika kutoka takriban mita 2.1 hadi mita 5. Safu mbili za watu zinaenea humo bila taabu. Kinyume chake pia ni kweli: ukinunua praimu pana ukitegemea mandhari ya nyuma iyeyuke kama ya 85mm, utavunjika moyo. Utaipata tu ukisogea karibu kabisa, sentimita 20 au 30 kutoka kwenye kitu, na uso wa mtu kwa umbali huo unavimba pua. Vilevile usimweke mtu ukingoni mwa fremu ukitumia chini ya 24mm, iwe zumu au praimu, maana kichwa na mabega vitavutwa kuelekea kona.

Mpiga picha wa nyota ndiye mwenye uamuzi rahisi kuliko wote. Ili nyota zisichore mistari, wengi hugawanya 500 kwa urefu wa fokasi: kwa 20mm wanapata sekunde 25. Kwa kihisi chenye pikseli nyingi ni salama kugawanya 300, yaani sekunde 15. Muda hauongezeki, kwa hiyo tundu ndilo linaloleta mwanga. Lakini si kila f/1.8 ni nzuri kwa nyota. Praimu dhaifu huzipa nyota za kona mbawa, zikaonekana kama ndege wadogo, na dawa yake ni kufunga tundu hadi f/2.8. Ukilazimika kufanya hivyo kila mara, zumu ya f/2.8 ingekutosha.

Uzito na filta

Usichukulie kwamba praimu ni nyepesi siku zote. Sony FE 20mm f/1.8 G ina gramu 373 na hutumia filta ya kipenyo cha 67mm, wakati FE 16-35mm f/2.8 GM ya kwanza ina gramu 680 na filta ya 82mm. Lakini kwa Nikon, Z 14-30mm f/4 S ina gramu 485, na Z 20mm f/1.8 S ina 505. Soma vipimo vya lenzi yenyewe.

Filta zinahitaji umakini. Zumu pana kupita kiasi huwa na kioo cha mbele kilichobinuka, na Nikon AF-S 14-24mm f/2.8G ni mfano maarufu: filta ya kawaida ya kufunga kwa skrubu haiingii. Ukihitaji filta za kupunguza mwanga kwa ajili ya maji na mawingu, hakikisha lenzi ina uzi wa filta kabla hujalipa. Filta ya polaraiza, ile inayokata mng'ao, nayo huleta anga yenye ukanda mweusi katikati ukiwa chini ya 24mm. Hilo halina tiba, kwa sababu anga yenyewe haina kiwango kimoja cha mwanga wa polaraiza kwa upana huo.

Ijaribu lenzi kabla ya kuichukua

1. Weka kamera kwenye tripodi, zima kituliza mtikisiko, tumia kuchelewesha shata kwa sekunde 2.
2. Lenga mandhari ya mbali yenye vitu vidogo hadi kwenye kona, kama paa na miti. Ukuta wa matofali ni mgumu, kwa sababu kamera isipokuwa sambamba nao kabisa utailaumu lenzi bure.
3. Fokasi katikati, piga kwa tundu lililo wazi kabisa, kisha f/5.6, kisha f/8. Kwa zumu rudia kwa ncha zote mbili na katikati.
4. Kuza picha hadi asilimia 100 na linganisha kona nne.

Kona zote zikiwa laini kwa kiwango kimoja na zikakaza kwa f/5.6, hiyo ni tabia ya muundo. Kona moja au upande mmoja ukiwa laini peke yake, vioo vya ndani havijakaa sawa, irudishe. Kasoro hii ni ya kuangaliwa hasa kwenye zumu, kwa kuwa ina sehemu nyingi zinazosogea. Kwa lenzi iliyokwisha kutumika, mulika tochi kutoka nyuma na utafute nyuzi za ukungu wa kuvu, kisha zungusha pete ya zumu polepole usikilize kama inakwama.

Kwa anayepiga mandhari na majengo kwa tripodi kwenye f/8, chukua zumu ya f/4 na uiache f/2.8 dukani; stopu hiyo moja utaibeba tu bila kuitumia. Kwa anayepiga hafla ndani, zumu ya f/2.8 ndiyo lenzi ya kazi, na praimu ije baadaye. Ukichagua njia ninayoipendelea, zumu ya f/4 pamoja na praimu moja ya f/1.8, nunua praimu ile iliyojitokeza kwenye hesabu ya picha zako, hasa zile zilizopigwa kwa ISO 3200 na kuendelea. Zichuje hizo peke yake, kwa sababu urefu wa fokasi unaoupenda mchana na ule unaouhitaji gizani mara nyingi havilingani.