Kabla hujapiga OS mpya, cheki haya kwanza

Watu wengi wakitaka kupiga OS (mfumo endeshi wa kompyuta) kama Windows au Ubuntu wanawaza flashi tu, ikishapatikana ni neksti neksti mpaka mwisho, halafu ndo wanakumbuka picha zote zilikuwa kwenye mashine. Anza na bakap basi. Na kuhamisha mafaili kutoka C kwenda D sio bakap jamani, mara nyingi hiyo ni diski moja imegawanywa tu, ukikosea kufomati vyote vinaondoka.

Cheki na BitLocker, ile kufuli ya Windows inayofunga diski nzima. Leptopu nyingi za siku hizi zinakuja zimeshajifunga na mwenye mali hana habari, unagusa kidogo tu setingi za BIOS (zile za mashine kabla OS haijawaka) inakudai ufunguo wa tarakimu 48. Mara nyingi upo kwenye akaunti yako ya Microsoft, unakili kwenye karatasi sasa hivi wakati mashine bado inawaka vizuri.

Flashi ya GB 8 inatosha, ila Rufus, programu ya kuiweka OS kwenye flashi, itafuta kila kilichomo. Na usikopi tu mafaili ya Windows kwenye flashi iliyofomatiwa kwa FAT32 ukadhani umemaliza, faili la install.wim siku hizi linavuka GB 4 na FAT32 haibebi faili la ukubwa huo. ISO (faili la kuinstolia) ya Ubuntu 24.04 inakaribia GB 6 kwa hiyo bando lijipange, na uishushe kwenye tovuti yao wenyewe, sio kwenye magrupu ya Telegram. Windows 11 nayo inataka RAM GB 4, diski GB 64 na TPM 2.0 (chipu ya usalama). Kwa RAM hiyo mi nakushauri usijitese.

Sasa wale wanaotaka OS ikae kwenye ekstano (diski ya nje) watembee nayo, hapa ndo watu wengi wanaumia. Flashi ya kawaida itakuchosha kwa kwenda polepole, tafuta SSD na uichomeke kwenye USB 3. Windows yenyewe ukiipiga kawaida inagoma kukaa kwenye diski ya USB, Windows To Go, ile ya kutembea nayo kwenye USB, ilishaondolewa tangu toleo la Windows 10 linaloitwa 2004 (sio mwaka), ingawa Rufus bado anakupa njia. Ubuntu inakubali, tatizo ni butiloda, yaani programu inayoiwasha OS (ya Ubuntu inaitwa GRUB): unachagua ekstano vizuri kabisa, lakini instola inaweza kuiweka kwenye partishen ya EFI (sehemu ya kuwashia) ya diski ya ndani, siku ukichomoa ekstano mashine inabaki na skrini nyeusi ya GRUB, na ekstano nayo ukiipeleka kwa mshkaji haibuti. Dawa ni kuizima diski ya ndani kwenye BIOS kabla hujaanza, au kuichomoa kabisa kama unaifikia. Ikishindikana, zitambue diski kwa ukubwa na jina la kampuni, usitegemee majina ya sda na sdb ambayo Ubuntu inazipa diski maana yanabadilishana.

Chaja iwe imechomekwa muda wote.

Halafu ukibuti Ubuntu usikimbilie kuinstoo, chagua ile ya kujaribu kwanza uone sauti, tachpedi na waifai. Waifai isiposhika, chomeka simu kwa waya wa USB ugawe intaneti, utashusha draiva kwa njia hiyo hiyo.