Pedali ya breki inazama taratibu? Usikimbilie kubadilisha pedi

Wadau, ukiwa umekanyaga breki kwenye foleni na pedali inaendelea kuzama yenyewe polepole, cheki kwanza mafuta ya breki kwenye kikopo chake. Yakipungua, mara nyingi kuna mahali yanavuja, chungulia upande wa ndani wa tairi zote nne hasa za nyuma zenye drami (breki za ngoma), na pale masta silinda (pampu kuu inayosukuma mafuta ya breki) inapofungwa kwenye sevo (kifaa kinachokuongezea nguvu ya kukanyaga breki). Yasipopungua na kote kukavu, mara nyingi ni mipira ya ndani ya masta imechoka inapitisha mafuta, mi nashauri badilisha masta nzima halafu toa upepo ulioingia kwenye mafuta ya breki, magurudumu yote. Ila pedali kushuka kidogo pale unapowasha injini ni kawaida, hiyo sevo inafanya kazi. Na jamani gari ya hivyo iitieni fundi hapohapo, msiiendeshe.