Umepewa cheo kipya ambacho hakikuwepo? Mshahara uzungumze hivi

Asalaam alaykum jamani. Leo tusemezane hili la kazi mpya, yaani ile ambayo pale kazini hajawahi kuifanya mtu, bosi kaianzisha tu kwa kuwa mambo yamekuwa mengi. Mie yalinikuta. Nilikuwa rizavesheni, yaani wa kupokea buking za vyumba, hoteli moja huku Paje, Zanzibar, nikaambiwa sasa utashika na mitandao, na wageni wanaobuki kwa intaneti, na kuwajibu wanaoandika malalamiko, cheo kizuri, nikaongezwa elfu hamsini nikasema alhamdulillah. Kufika mwezi wa nne wa kazi hiyo nalala na simu mkononi.

Kwanza, usikimbilie kutaja bei. Ukiulizwa unataka ngapi, omba uandikiwe majukumu. Wasipoandika andika wewe hata kwa wasap, "nilivofahamu kazi ni hizi, kuna nililosahau?" Kazi mpya kama mgomba, haiishi kuchipua.

Pili, na hapa ndo penyewe, ikate vipande. Cheo hakina bei kwa sababu hakuna aliyekishika kabla yako, lakini vipande vyake vina bei. Rizavesheni Jambiani au Nungwi analipwa ngapi, ulizia. Mtu wa mitandao wa nje anatoza ngapi kwa mwezi? Pale kwetu alikuwa akichukua 350,000, nilipoanza mie akaachishwa, mie nikapewa 50,000, kwahiyo hoteli ikibakiwa na laki tatu kila mwezi na mie sikupiga hata hesabu! Anzia hapo maneno yako. Ada za watoto na kodi ya nyumba ni kweli vinauma, ila bosi atakupa pole basi.

Tatu, uliza hicho kiasi ni kabla ya makato au cha mkononi, ZSSF (mfuko wetu wa hifadhi ya jamii) na kodi vishatoka? Sevisi chaji, ile pesa ya huduma wanayotozwa wageni, imo humo au mbali? Na masika je, Aprili na Mei wageni wanapungua wengine wanapelekwa likizo bila malipo, na wewe unayetafuta wageni wa Julai ndo kazi imekupambia moto. Iandikwe.

Nne, tarehe ya kukaa tena kuangalia mshahara, miezi sita, iwe ndani ya mkataba.

MASWALI

– Dada, mie nimeona karatasi ya kima cha chini cha mshahara mtandaoni, naweza kumpelekea bosi?
Angalia kwanza isije ikawa ya Bara. Mambo ya kazi si ya Muungano, sisi tuna Sheria yetu ya Ajira Namba 11 ya 2005. Halafu kima cha chini ni sakafu tu mdogo wangu, usikifanye ndo bei yako.

– Niko Chake, mradi wa wafadhili, wanasema bajeti imeshapita hakuna nyongeza.
Inawezekana ni kweli. Basi punguza majukumu yalingane na pesa, au omba nauli na vocha za simu kama zina fungu lake, na bajeti ya mwakani uwemo wakati inaandikwa.

– Meneja kaniambia mwanamke unaishi kwenu, pesa zote hizo za nini?
Wallahi hili linaniudhi. Usijibu habari za kwenu hata neno moja bibie, rudisha ile karatasi ya majukumu mezani, muulize kipande gani humu kinafanywa bure.

– Nimeshasaini mwezi uliopita, nimechelewa?
Hujachelewa. Anza leo kuandika kila kazi unayofanya na saa zake, ukifika mwezi wa tatu wa kazi omba kikao, nenda na daftari lako.