Mahali pa Kielezi katika Sentensi ya Kiingereza

Kielezi cha Kiswahili kina uhuru mkubwa, kwa maana tunaweza kusema "Asha anazungumza vizuri Kiingereza" au "Asha anazungumza Kiingereza vizuri", na hakuna atakayeshtuka. Kiingereza hakitoi uhuru huo. Kanuni ya kushikwa kabla ya nyingine zote ni kwamba kielezi hakipaswi kutenganisha kitenzi na yambwa yake, yaani kile kinachotendwa; kwa hiyo andika "Asha speaks English well", wala si "Asha speaks well English". Ukitaka kujikagua, tafuta kitenzi, jiulize kinachotendwa ni nini, kisha hakikisha kwamba jibu linafuata kitenzi hicho moja kwa moja. Pasipo na yambwa, kama katika "Asha sings beautifully", tatizo halipo.

Vielezi vya marudio, kama vile "always", "often" na "never", hukaa kabla ya kitenzi kikuu: "We often eat fish". Hata hivyo, "am", "is", "are", "was" na "were" vikiwa ndivyo vitenzi vikuu, kielezi huvifuata, ndiyo maana tunaandika "He is never late". Penye vitenzi visaidizi, kielezi hukaa baada ya kile cha kwanza: "They have always been helped". "Sometimes" na "usually" vyaweza kuanza sentensi bila taabu. "Never" ikianza, hulazimisha kisaidizi kitangulie kiima, kama katika "Never have I seen such rain", mtindo ambao mwanafunzi hana haja ya kuukimbilia katika barua ya kawaida.

Mahali na wakati vikikutana mwishoni, kwa kawaida mahali hutangulia: "We met in Mombasa yesterday".

Kielezi kinachohitaji uangalifu zaidi ni "only", kwa sababu kikihama, maana nayo huhama. "Only Juma ate fish" ina maana kwamba wengine hawakula samaki, ilhali "Juma ate only fish" ina maana kwamba Juma hakugusa chakula kingine. Waingereza wenyewe husema "Juma only ate fish" na kuiachia sauti kazi ya kuonyesha neno linalokusudiwa. Lakini karatasi haina sauti, kwa hiyo unapoandika, kiweke "only" jirani kabisa na neno linalowekewa mpaka.