Vijana mkitaka kutoa mchezo wa jukwaani na wasanii wa kulipwa

Msianze na skripti. Anzeni na stori zenu, ile ya konda kukulia chenji pale Ngara, Nairobi, ya mamako kuamka saa kumi kwenda soko la Gikomba, halafu dairekta akae tu asikilize kabla hamjaandika chochote. Pesa ongeeni siku ya kwanza, msione haya, msanii naye ana landlodi. Mazoezi yafanyike ukumbi wa kanisa ama soshal hall ya mtaani, Kenya National Theatre (ile ya 1952, Harry Thuku Road) mtaikodi siku za mwisho ila ombeni muda wa kuzoea taa. Sauti ndio huangusha wengi: mmoja akae siti ya nyuma kabisa, asiposikia rudieni huo mstari, na si kupiga kelele, ni kupumua kwa tumbo.