Kupiga shoti ya mwisho kutoka juu bila kreni

Kama hujaitazama Kamera o Tomeru na!, filamu ya Kijapani ya Shin'ichirō Ueda, ya mwaka 2017, itazame kwanza, maana hapa naufichua mwisho wake. Kikosi chenye mfuko mdogo kinarusha filamu ya mazombi mubashara kwenye runinga, bila kukata. Mambo yanaharibika moja baada ya jingine, hadi kreni ya kamera inaanguka na kuvunjika. Prodyuza ataka shoti ya juu iachwe. Mwongozaji hakubali. Waigizaji na mafundi wanapandana migongoni, na binti yake anaishika kamera kule juu. Mimi hapo machozi hunitoka kila nikiitazama.

Nafundisha vijana wa Majengo, Mombasa, filamu fupi, na riziki yangu ni video za harusi. Kreni hatuna. Droni hairushwi bila kibali cha KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Kenya. Watu tunao, tena wengi.

Anza na hadithi kabla ya mnara wa watu. Ueda anatuonyesha mapema picha ya zamani ya binti huyo akiwa mabegani mwa babake, ndiyo maana mnara unatugusa. Nawe panda mbegu yako dakika za mwanzo: mtoto ainuliwe mabegani aone zefe ya Maulidi, kisha usimtaje tena.

Mahali, usichague paa la nyumba Mji wa Kale, hata mandhari ikuvutie vipi. Nenda ufuoni Mkomani maji yakipwa, mchanga uwe mgumu kiasi na usioumiza mtu akianguka. Asubuhi jua latoka baharini na kivuli cha mnara huangukia upande wa bara, basi mlaze mwigizaji wako upande wa bahari. Ukisahau hili, kivuli kitamfunika uso.

Sasa mnara wenyewe. Watu sita watosha: watatu chini, wawili kati, mmoja juu, wote wakipiga magoti na, isipokuwa wa juu, kushika chini kwa viganja. Wazito wakae chini. Viatu, saa na pete zivuliwe. Anayepanda akanyage au apige goti juu ya nyonga na mabega ya aliye chini yake, asiguse kamwe katikati ya mgongo. Vijana wa sarakasi wanaotumbuiza mahotelini wanayajua haya kuliko mimi, waombeni wawafunze asubuhi moja. Wawekeni watu wawili pembeni, kazi yao kudaka tu. Fanyeni mazoezi bila simu kwanza. Kushuka, aliye juu hutangulia.

Wa juu apewe simu kwenye fimbo ya selfi, kamba ikiwa imefungwa kiganjani, na rekodi iwashwe kabla hajapanda. Sekunde 10 zatosha. Picha ikitikisika, iache itikisike. Usiilainishe kwa programu. Mtazamaji anahitaji kuzihisi pumzi za wale walio chini.

Na yule kijana mnayemtumaga maji na chakula tu, mpeni nafasi mnarani. Kwa Ueda hata wale waliokuwa wakigombana tangu mwanzo wamo, na bila wao mwisho ule usingekuwa na uzito wowote.

Wekeni simu ya pili pembeni iwarekodi mkijenga. Ueda alimalizia na picha za kikosi chake halisi kikihangaika kupiga ile shoti ya dakika 37 isiyokatwa. Zenu ziwekeni chini ya majina ya mwishoni.