Haiku: kulijua neno, kuhesabu mizani, kutunga yako

Msomaji wa Kiswahili akikutana na neno haiku kwa mara ya kwanza, jicho lake hutafuta mwisho. Haiku nini? Haikufika? Haikulipwa? Kwa sikio letu huu ni mwanzo wa kitenzi: ha- ya kukanusha, -i- ya ngeli, -ku- ya wakati uliopita. Mvua haikunyesha, simu haikupokelewa, miti haikukatwa. Kipande hiki hakisimami peke yake katika Kiswahili. Kinangoja mzizi wa kitenzi.

Kwa Kijapani neno limekamilika. Hai imetoka katika haikai, utungo wa uchangamfu na mzaha, na ku ni ubeti au kifungu cha maneno. Hai hiyo haihusiani na uhai, na ku hiyo haikanushi kitu. Utungo wenyewe ni mkongwe kuliko jina. Ulikuwa ubeti wa kufungulia tungo ndefu ambazo watu kadhaa walizitunga kwa kupokezana, nao ukiitwa hokku. Matsuo Bashō (1644–1694) anatajwa kila mahali kuwa bingwa wa haiku, lakini alichokitunga yeye kwa jina la wakati wake kilikuwa hokku. Aliyeutenga ubeti huo usimame peke yake na kulieneza jina la haiku ni Masaoka Shiki (1867–1902), mwishoni mwa karne ya 19. Mwalimu anayeandaa somo aliseme hili darasani, maana linaeleza kwa nini haiku husikika kama kitu kilichoachwa wazi: asili yake ilikuwa kungoja mwenzio aongeze.

Lugha nyingine zimelipokea neno kila moja kwa mkono wake. Wafaransa huandika haïku, wakiweka nukta mbili juu ya i ili isimezwe na a. Wabrazili wana haicai. Katika Kifini haiku ni shairi hilo, lakini pia lipo neno lao wenyewe linaloandikwa vilevile, lenye maana ya pumzi ya moshi, mfano wa mvutaji sigara. Visiwani Hawaii, Haʻikū ni jina la mahali, na alama ile baada ya Ha ni sauti kamili ya kooni, haiondolewi. Kisha kuna Haiku ya kompyuta, mfumo endeshi ulioanza mwaka 2001 kwa jina la OpenBeOS na kubadilishiwa jina mwaka 2004. Jina lilichaguliwa kwa sababu kivinjari cha BeOS, mfumo uliotangulia, kilikuwa kikitoa taarifa za hitilafu kwa umbo la haiku. Kwa hiyo ukitafuta mtandaoni usiandike neno hilo tupu. Andika "haiku shairi" au "haiku Kijapani", la sivyo utaletewa faili za kompyuta na picha za milima ya Hawaii.

Kuliandika neno ndani ya sentensi ya Kiswahili

Haiku ya shairi iweke katika ngeli ya I-ZI: haiku hii, haiku hizi, haiku yangu, haiku fupi. Usiseme mahaiku. Herufi kubwa ni ya mwanzo wa sentensi, jina la mahali na jina la mfumo wa kompyuta tu.

Kosa linalojitokeza zaidi katika daftari na kwenye simu ni kukata kitenzi: "barua haiku fika", "kazi haiku isha". Dawa yake ni rahisi. Jaribu kuweka neno "hii" mara baada ya haiku. Likikaa vizuri, hilo ni shairi na linasimama peke yake. Likikataa, hicho ni kiambishi, kiunganishe na mzizi wake. Sentensi hii ina vyote viwili: Haiku hii haikuandikwa jana. Sikio nalo linasaidia, kwa sababu mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Shairi ni ha-I-ku. Katika haikunyesha mkazo umekwenda kwenye nye, na i imepita bila uzito.

Kuhesabu

Haiku ya Kijapani hupangwa kwa vipande vya sauti 5, kisha 7, kisha 5. Mjapani hahesabu silabi kama Mwingereza. Irabu ndefu kwake ni vipande viwili, na n ya kufunga neno ni kipande kizima. Tōkyō ni 4: to-o-kyo-o. Nippon ni 4 pia: ni-p-po-n. Neno haiku lina 3, na Mwingereza hulitamka kwa silabi 2.

Hapa mtunzi wa Kiswahili ana bahati kubwa, na ni vyema aijue. Mizani yetu inafanya kazi karibu sawa na hesabu ya Kijapani. Taa ni 2, ta-a. Juu ni 2. Mtu ni 2, m-tu, kwa kuwa m ile inabeba pigo lake yenyewe kama n ya Nippon. Ha-i-ku kwetu ni 3 bila kubishana. Mganda mwenye Luganda amekwisha kulizoea jambo hili nyumbani, maana Luganda hutofautisha irabu fupi na ndefu na konsonanti moja na iliyorudufishwa, na wakati wa kutamka huongezeka kweli.

Penye taabu ni m na n mwanzoni mwa neno. Mbaya ya mtu ni mizani 3: m-ba-ya. Mbaya ya nyumba ni 2: mba-ya. Mbuni, mmea wa kahawa, ni 3. Mbuni yule ndege mkubwa ni 2. Kwa msomaji wa Uganda kuna kipimo kilicho mdomoni tayari. Wengi hapa hutamka "mutu", "muti", "mugomba". Basi jiulize kama neno lingekubali mu bila kupotea maana. Mgomba ukiutamka mugomba unaeleweka, kwa hiyo m yake ni mizani kamili: m-go-mba, 3. Mbuzi haiwezi kuwa mubuzi, kwa hiyo mbu- ni pigo moja: mbu-zi, 2. Mvua haiwi muvua; ni mvu-a, 2. Kipimo hiki kina mapengo machache ya kukariri: mbu, mbwa, mvi, nchi, nne, nge, nta na nzi. Hayo yote ni mizani 2, kwa sababu neno la Kiswahili haliwezi kubeba mkazo wake bila silabi ya pili kutoka mwisho, na nazali, ile sauti ya puani m au n, ndiyo inayojitolea.

Mwa-, kwa, bwa, nya, ng'o ni pigo moja kila moja: mwe-mbe 2, mwa-li-mu 3, ng'o-mbe 2. Maneno ya Kiarabu yenye konsonanti ya kufunga silabi yahesabu kwa irabu: lab-da 2, al-ha-mi-si 4. Hesabu kwa kugonga meza kidole kimoja, kila pigo mara moja, na mwenzako agonge bila kuiona karatasi yako. Mkitofautiana, tatizo karibu kila mara ni m au n.

Jambo la pili la kuangalia ni urefu wa vitenzi vyetu. Hawatatuambia peke yake ni 7: ha-wa-ta-tu-a-mbi-a. Umekwisha kuumaliza mshororo wa kati. Hiyo ni nguvu, kwa sababu sentensi nzima imo ndani ya neno moja, lakini kitenzi kama hicho kiwe kimoja tu katika haiku. Viwili vikikutana, shairi linageuka taarifa.

Mkato na msimu

Hesabu peke yake haitoi haiku. Angalia hii:

Mvua ni nzuri
inanyesha Kampala
tunafurahi

Ni 5, 7, 5, na hakuna shairi. Imesema maoni, imesema habari, imesema hisia, na msomaji hakuachiwa kazi yoyote. Haiku hukaa juu ya vitu viwili vilivyowekwa karibu, na kati yake pana mkato. Kijapani kina maneno ya kukata, miongoni mwake ya, kana na keri. Sisi tunaweza kutumia kistari, na tuna pia "kumbe", neno linalofaa sana kwa sababu lenyewe ni mshangao wa kugundua. Litumie mara moja moja, lisije likachuja. Tengeneza upya:

Mvua Kampala —
bodaboda wanane
chini ya mwembe

Furaha au karaha haikutajwa. Wanane wamebanana chini ya mti mmoja, na kila mtu aliyewahi kukwama Wandegeya au Nakawa anajua lililobaki.

Kitu cha pili ni neno la msimu, kigo. Wajapani wana orodha ndefu zilizopangwa kwa majira yao, pamoja na sehemu ya Mwaka Mpya. Usiazime theluji yao wala maua ya micheri. Hata masika na vuli, ingawa ni Kiswahili safi, ni kalenda ya pwani. Tengeneza orodha ya hapa. Kwa eneo la kati na kusini mwa Uganda gawa ukurasa mara nne: mvua za Machi hadi Mei, ambazo Luganda huziita toggo, kiangazi cha Juni hadi Agosti, mvua za pili, ddumbi, zinazokolea Septemba hadi Novemba, na kiangazi cha Desemba hadi Februari. Ukiwa Gulu, Arua au Karamoja gawa mara mbili tu, maana huko mwaka una msimu mmoja mrefu wa mvua na kiangazi kikali.

Kisha jaza vitu, usijaze hisia. Senene, wale panzi wa kuliwa, ni wa Novemba, hata mwezi wenyewe kwa Luganda ni Musenene, na hurudi tena mvua za mwanzo wa mwaka. Kumbikumbi hutoka ardhini baada ya mvua. Vumbi jekundu kwenye majani kando ya barabara ni la kiangazi. Kule Kabale, baridi ya asubuhi ni ya Juni na Julai. Andika angalau vitu 10 kwa kila msimu kabla ya kutunga chochote. Pungufu ya hapo utajikuta unarudia mvua na jua. Kaloli, yule ndege mkubwa wa majalalani Kampala, yupo mwaka mzima, kwa hiyo akitumika ahitaji neno jingine la kumweka katika wakati.

Bati na taa —
senene wateleza
hadi pipani

Msimu ni senene. Mtego haukuelezwa, umeonekana: taa kali, mabati yaliyosimamishwa, pipa chini.

Kama utungo wako unahusu vituko vya watu, foleni, siasa ya kijiji, na hauna msimu, huenda ulichotunga ni senryū, ndugu wa haiku mwenye hesabu ileile, aliyepewa jina la Karai Senryū wa karne ya 18. Si kosa. Uite kwa jina lake tu.

Unapokaa kutunga

Anza na kitu ulichokiona leo, kiandike kwa maneno ya kawaida bila kuhesabu. Ongeza kitu cha pili kilichokuwa karibu nacho. Futa kila neno la sifa kama nzuri, kubwa au ya kupendeza, na kila kitenzi cha moyo kama nafurahi, nahuzunika au natamani. Sasa hesabu. Ukizidi mizani moja, usikate herufi ya neno ili litoshe. Badilisha neno: "kwenye" badala ya "juu ya" inakuokolea 1, na "pipani" badala ya "ndani ya pipa" inakuokolea 2. Viambishi vya mahali ni rafiki wa mtunzi wa haiku.

Mtu aliyelelewa na arudhi, yaani kanuni za ushairi wa kimapokeo, atajikuta anatafuta vina. Viache. Haiku haina vina, na si tathlitha ingawa mishororo ni mitatu. Tathlitha ina beti, vina na mara nyingi mizani 16 kila mshororo. Lakini jihadhari, kwa sababu Kiswahili huleta vina vyenyewe kupitia upatanisho na viambishi. Mshororo wa kwanza ukiishia -ni na wa tatu -ni, sikio litaanza kungoja wimbo na mkato utapotea. Irabu kufanana si tatizo, maana kina ni silabi nzima. Katika hii ifuatayo mishororo yote inaishia a, lakini sha, mba na na si kina:

Haikunyesha —
majani ya mgomba,
vumbi la jana

Kiambishi kilichotuchanganya mwanzoni kimepata mzizi wake, na neno zima, ha-i-ku-nye-sha, ni mizani 5 kamili. Mvua haikutajwa kwa jina kwa sababu -i- imekwisha kuibeba.

Ukimaliza, soma kwa sauti mara mbili. Mara ya kwanza pumzika kwenye kistari, mara ya pili pita bila kupumzika. Ukiona maana haikubadilika hata kidogo, mkato wako haukati; rudi kwenye vitu viwili ulivyoanza navyo na ubadilishe kimojawapo, si alama.